Nani Yule Kushoto?

Simu yangu husafiri kwenye buti. Naizima, naichomeka katikati ya taulo za saluni, nafunga buti, ndipo nakaa kwenye usukani. Wateja wangu pale Soweto, mjini Moshi, wamezoea, ingawa wapo wanaosema najifanya. Anayetaka kuniuliza kama kuna nafasi ya kusuka, asubiri nifike. Nimeona watu wazima wakishika usukani kwa magoti huku vidole vyote vinaandika ujumbe, na nikiwaona huwa nawatukana kwa sauti, peke yangu, vioo vikiwa juu. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sifichi.

Kwa hiyo nilijihesabu kuwa dereva makini. Redio ilikufa na sikuipeleka kwa fundi. Sili ninapoendesha. Nikiwa na abiria anayependa kubishana siasa, namwambia tutabishana tukifika. Ambaye sikuwa nimemhesabu ni mama yangu, aliyekaa kiti cha kushoto, mkanda ameufunga, mkoba mapajani, akiniuliza, "Nani yule kushoto?"

Mama anaumwa presha ya macho. Jicho la kulia lilikwisha kabla hatujajua kwamba kuna ugonjwa. Tulidhani ni uzee, tukamnunulia miwani sokoni. La kushoto lilibaki na kitu kidogo. Aliona mwanga na kivuli. Aliona kwamba pale pamesimama mtu, ila mtu mwenyewe ni nani hakujua mpaka aseme. Daktari alituambia bila kuzunguka kwamba kilichopotea hakirudi, na kwamba kazi yetu ni kulinda kilichobaki, kwa dawa ya matone na kwa kuhudhuria kliniki bila kukosa. Kliniki iko mjini Moshi. Mama yuko juu, Uru, na kuhamia kwangu hataki hata kusikia. "Nikae Soweto nitazame ukuta?" aliniuliza siku moja, na huo ukuta wenyewe asingeuona.

Basi ikawa mimi na gari langu dogo, kupanda na kushuka.

Mgeni akipita barabara ile ya kwetu ataona migomba, kahawa, na watu wanaotembea. Sisi tunaona majina. Huyu ni wa ukoo wa kwa mama, yule mumewe alikuwa msimamizi wa ndoa ya dada, huyu mwingine tulizikiana. Kwetu gari si ruhusa ya kumpita mtu. Ukiwa kwa miguu utasalimia, na ukiwa ndani ya gari utasalimia zaidi, maana hapo ndipo watu wanakutazama waone kama umebadilika. Kuna mwanamke mmoja wa jumuiya ya mama, walichuma kahawa pamoja tangu usichana, ambaye alisema nje ya kanisa kwamba mama akishapanda gari la binti yake hajui tena watu. Maneno hayo yalipanda mlima haraka kuliko mimi. Nilipofika nyumbani jioni ile nilimkuta mama ameketi jikoni, chai imepoa mbele yake, na midomo imekazwa.

Ilimuuma, na iliniuma mimi kwa ajili yake, kwa sababu watu wale hawakujua kwamba haoni. Hakutaka wajue. Kihamba chake, shamba la nyumbani, alikijua kwa nyayo, ng'ombe alimkamua kwa mikono kama siku zote, kanisani alikaa benchi lake lilelile, nani angegundua? Ni barabarani tu ndipo alipokamatika. Nilimshauri aseme ukweli yaishe.

"Wakijua sioni, hawatanisalimia mimi tena," alisema. "Watamsalimia anayenishika mkono."

Tukatunga kazi yetu ya wawili. Mimi nataja, yeye anapunga. Nikisema, "Mama muuza maziwa, amesimama na ndoo," yeye ameshateremsha kioo, mkono uko nje, anaita kwa Kichagga, anauliza ng'ombe kazaa au bado. Nikisema, "Mwalimu mstaafu, ana mwavuli," anamtupia utani wake wa zamani kuhusu viboko. Watu wakafurahi. Yale maneno ya nje ya kanisa yakafa. Na mimi, lazima niseme, nilifurahia kazi ile. Nilijiona mjanja, nikiyapeleka macho kushoto, nikayarudisha barabarani, kushoto tena, na mama anacheka kando yangu kama mtu anayeona kila kitu.

Tulifanya hivyo kiangazi chote bila tatizo. Kisha ikaingia masika.

Siku ya kliniki mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Udongo wetu mwekundu ukilowa unakuwa sabuni, na sehemu ya juu, kabla ya kuifikia lami, barabara inashuka imebanwa na ukingo upande mmoja na mfongo, mfereji wetu wa maji, upande wa pili. Tulitoka ukungu ukiwa bado umelala kwenye migomba. Niliwasha taa. Nilikuwa nashuka kwa gia ya kwanza, mikono yote miwili kwenye usukani, shingo imekakamaa.

"Nani yule kushoto?"

"Mama muuza maziwa."

Wakasalimiana. Hata mita chache hazikupita.

"Na yule?"

"Subiri kidogo, mama. Kuna utelezi."

"Amesimama anatungoja tumpite. Ni nani?"

Alikuwa mwanamke aliyejitwisha mzigo wa majani ya ng'ombe. Mzigo wa majani ukiwa kichwani unamfunika mtu mpaka mabegani. Uso huuoni, labda umjue kwa kanga au kwa namna anavyosimama. Mama alikuwa ameshateremsha kioo, mkono unangoja jina. Nikainama mbele yake ili nichungulie chini ya yale majani. Nikaona kidevu. Nikaona mdomo unatabasamu, nikamtambua, nikafungua kinywa nitaje.

Niliporudisha macho mbele, palikuwa na mgongo wa mtu katikati ya barabara.

Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote, jambo ambalo kwenye udongo ule halifanywi. Tairi zikasimama, gari likaendelea. Usukani ukawa mwepesi mikononi, haufanyi kazi yoyote. Nilishikilia honi. Ule mgongo ukanyooka, ukageuka, ukawa baba yangu mdogo, jembe mkononi, maji ya mfongo uliopasuka yakimpita kwenye viatu vya mpira. Nilimwona macho. Kisha sikumwona kabisa, na gari likayumba, likaingia pua kwenye ua wa masale wa mpaka wa jirani, likazima.

Kimya kile sikitaki tena maishani mwangu. Nilisikia maji tu. Mama alikuwa amejigonga bega mlangoni, analishika.

"Umempigia nani honi?" aliuliza. "Kuna mtu?"

Nilikuwa nikitazama pale mbele ya boneti, mahali ambapo baba mdogo alikuwa na sasa hakuwa, na sikushuka kwenda kuangalia. Halafu mkono ukashika ukingo wa mfongo. Akajivuta juu. Alikuwa ameruka, mzee wa umri ule, akaangukia majini. Tope limempaka kuanzia kiunoni. Alisimama, akaokota jembe, akaja akizunguka upande wa mama taratibu, akainama kwenye dirisha lililo wazi.

"Shemeji," alisema, "umeamkaje?"

Uso wa mama ukachanua. Sauti hiyo hakuhitaji kutajiwa. Akamwuliza habari za nyumbani, habari za goti, za ng'ombe, za kahawa aliyoing'oa akapanda parachichi. Baba mdogo alijibu kila swali na kuuliza la kwake, kwa utaratibu, bila kuruka kitu. Jembe lilikuwa linatetemeka mkononi mwake, mpini ukigonga mlango wa gari. Nilisema, "Shikamoo baba mdogo," na sauti ikatoka ya mtoto.

"Marahaba." Alinitazama juu ya kichwa cha mama. "Barabara inateleza, mwanangu. Tazama njia."

Yeye na yule mwanamke, aliyekuwa ameutua mzigo wake wa majani, walilisukuma gari kutoka kwenye masale, tukaondoka.

Tulipoikamata lami ndipo hasira iliponipanda, na kama kawaida yangu haikuangalia ilikokwenda. Nilimwambia mama kwamba kuanzia siku ile sitataja mtu. Kama ni maziwa, kama ni mwalimu, kama ni askofu amesimama na fimbo yake, sitamtazama na sitamtaja. Nitatazama barabara. Nilisema kwa sauti kubwa, na ndani ya gari dogo sauti kubwa haina pa kwenda.

Mama alinijibu tulipokaribia mji.

"Macho yamekufa," alisema. "Sasa unataka na mdomo ufe."

Hospitalini, daktari alipima jicho la kushoto, akapima tena, akaacha kutaniana na mama kama alivyozoea. Presha ilikuwa imepanda. Matone hayatoshi, alisema. Lazima jicho lifanyiwe upasuaji, na si suala la kungoja mvua ziishe. Alitupa nafasi ya wiki iliyofuata. Nilimwuliza kwenye korido, mama akiwa ameketi mbali, ikiwa tutakosa siku hiyo itakuwaje. Alisema mama ataacha kuona hata kivuli, na hapo hatakuwa na la kutusaidia.

Tulirudi kwenye gari. Nikamfungulia mama mlango wa mbele. Akapapasa, akaukuta, akaupita, akafungua wa nyuma, akaketi.

Mkanda akaufunga. Kioo akakipandisha. Njia nzima ya kupanda nilimwona kwenye kioo cha juu, ameuelekeza uso mbele, mikono juu ya mkoba, na watu wa kwetu wakipunga kando ya barabara, wakiteremsha mikono polepole tulipopita. Niliwaona kwa pembe ya jicho na nikaendelea kutazama mbele. Tulipofika alishuka, akaushika ukuta wa jiko, akageuka.

"Asante, dereva," alisema.

Siku zilizofuata zilikuwa za simu. Nilimpigia mchana nikimwosha mteja nywele, simu nimeibana shingoni, na mama alinijibu vizuri tu, habari za mvua, habari za ng'ombe, mpaka nilipotaja upasuaji. Hapo aliniambia hataingia tena kwenye gari langu. Atashuka kwa miguu kama alivyoshuka miaka yote na mkungu wa ndizi kichwani. Nikamwambia siku hizo alikuwa anaona. Basi atapanda bodaboda, akasema. Nikamwona, mama yangu asiyeona, amekaa nyuma ya pikipiki kwenye ule mteremko wa sabuni, anapunga kushoto na kulia. Nilikata simu kwa sababu nilikuwa naanza kupiga kelele, na mteja alikuwa na povu machoni.

Kaka yangu aliye Dar alisema tukodi teksi. Nilimwambia ajaribu kumweleza mama mwenyewe. Alipiga, akanirudia baada ya muda mfupi akisema labda tumwombee.

Niliogopa. Sina neno jingine. Nilikuwa nasuka na mikono inakosea, nafumua, narudia. Nilimwona mawazoni akikaa jikoni katika giza ambalo hata moto haulipunguzi, kwa sababu binti yake alikataa kutaja majina ya watu.

Siku moja kabla ya upasuaji nilifunga saluni mchana nikapanda. Nilimkuta anamenya ndizi za kupika kiburu, ndizi na maharage, kisu kinakwenda bila kusita. Sikuanza na hospitali. Nilimweleza habari za baba mdogo. Yeye alijua tu kwamba gari liliteleza tukamkuta shemeji yake barabarani. Nilimwambia jinsi mgongo ulivyotokea. Nilimwambia kwamba kwa muda fulani sikujua kama yuko chini ya gari, na kwamba wakati akimsalimia alikuwa ametoka kujivuta mfongoni, na mpini wa jembe ulikuwa unagonga mlango kwa kutetemeka.

Kisu kilisimama.

"Ule mlio," alisema. "Nilidhani ni gari."

"Hapana, mama."

"Alinisalimia ametoka kuanguka?"

"Ndiyo."

"Na mimi nikamwuliza goti."

Aliiweka ndizi kwenye sufuria, akaosha mikono, akaifuta kwenye kanga muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Nilidhani analia, lakini alikuwa anafikiri. Nilikaa naye, sikumharakisha, na kwangu mimi hilo si jambo dogo.

"Kesho nikae mbele," alisema mwishowe. "Kioo changu kiwe chini. Wewe shika njia yako, usiniambie mtu yeyote. Watu ni wangu, nitawatafuta mwenyewe."

Asubuhi alitoka amevaa kitenge cha sikukuu. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri na kila kitu kinachuruzika. Nilianza kushuka kwa gia ya kwanza, macho yangu nimeyafunga kwenye barabara, na mama akaanza kusalimia. Alitoa mkono nje, akasalimia kila kivuli. Akasalimia upande ule wote, nyumba kwa nyumba, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe. Mahali pengine alijibiwa. "Shikamoo mama!" sauti ilitoka kwenye kahawa, naye akaijua papo hapo, akauliza habari za mchumba. Mahali pengine alisalimia, tukapita, kimya. Nilijua kona zile hata bila kugeuka. Pale hapana nyumba. Pale ni masale na tanki la maji. Mama aliliuliza tanki habari za watoto, akangoja jibu, mkono umebaki nje.

Ulimi uliniwasha nimwambie. Lakini mbele yetu lori la ndizi lilikuwa linapanda likinguruma, limechukua barabara yote, na mimi nilikuwa natafuta pa kubana tairi bila kuigusa mifereji. Nikanyamaza. Lori lilipita karibu kiasi kwamba majani ya mgomba yaliyofunika mzigo yalifagia kioo changu. Nilipopumua, mama alikuwa ameshasalimia watu wengine watatu, na mmoja alikuwa mtu kweli.

Upasuaji ulifanyika. Daktari hakutuahidi makubwa; alisema amefanya alichoweza na jicho litaamua lenyewe kwa muda wake. Siku ya pili alimruhusu, jicho limefunikwa kwa bandeji nene na kinga ya plastiki juu yake. Masharti alinipa mimi, si mama. Asiiname. Asibebe. Na maji yasiliguse jicho, hata tone la mvua, kwa sababu likipata uchafu tutapoteza tulichookoa.

Tulipotoka mjini mvua ikaanza. Tulipoiacha lami ilikuwa inapiga bati la gari kwa kishindo, wipa hazifui dafu, na nilimwambia mama kioo kipande juu, kabisa, hakuna mjadala. Alikipandisha. Sasa hakuwa hata na kivuli. Alikuwa gizani kamili, kwenye kelele, ndani ya gari linaloparamia tope.

Kupanda kwetu wakati wa mvua kuna sharti moja, usisimame. Ukisimama mlimani tairi zinachimba, na ukijaribu kuondoka unarudi nyuma kuelekea mfongoni. Nilikuwa nimeinamia usukani, pua karibu na kioo, naomba injini isikohoe.

Kando yangu mama aliinua mkono akasalimia. Alisalimia kioo. Sauti yake ikabaki ndani na sisi.

Alisalimia tena. Akasikiliza. Bati tu na mvua.

"Leo hawajibu," alisema.

Niliwaona. Sikutaka kuwaona, lakini walikuwapo, pembeni mwa jicho langu, chini ya baraza la duka lililofungwa: watu wengi waliojikinga mvua, wamejipanga ukutani. Habari za upasuaji zilikuwa zimefika kabla yetu, kama kila habari. Walikuwa wanapunga. Wote. Mikono juu, midomo inasema maneno ambayo hayakutufikia. Wakati huohuo gari lilikuwa linateleza kitako kuelekea kulia na nilitakiwa kulirudisha.

"Wamenikasirikia," mama alisema, si kwa kunilaumu, kama mtu anayekubali jambo. "Nilikaa nyuma siku ile. Niliwapita."

Nilikuwa na nafasi ya kusema "wanapunga" na kuendelea. Lakini angeniuliza ni nani, na ningegeuka. Najijua. Ningegeuka kwa sababu ya sauti ile. Nikaona pembeni, mbele kidogo, mahali palipokuwa na mawe ya ujenzi yamemwagwa, nikalibana gari pale, nikakanyaga breki taratibu, nikavuta breki ya mkono, nikazima injini. Tairi zikaingia kwenye tope mpaka nikalisikia tumbo la gari likikaa.

"Tumefika?"

"Hapana. Nimesimama ili nitazame."

Nikageuka mzima mzima, mgongo barabarani, nikamtajia. Mwalimu mstaafu, hana mwavuli leo. Mama muuza maziwa. Yule mlichuma naye kahawa, amevua kitambaa cha kichwa anakipunga. Baba mdogo. Nilitaja mpaka wakaisha, na mama alikuwa akitikisa kichwa kwa kila mmoja, bandeji ikitikisika naye. Alishika mkono wangu juu ya gia akaubana mpaka pete yake ikaniumiza.

Gari halikutoka, bila shaka. Niliwasha, nikajaribu, likachimba na kuanza kurudi nyuma, nikapiga kelele, nikavuta breki. Walioko barazani wakaja mbio kwenye mvua kusukuma. Ila hakuna aliyekwenda nyuma ya gari moja kwa moja. Kila mmoja alianzia dirishani kwa mama. Mtu alikata jani la mgomba, akalishika juu ya kioo kama paa, ndipo nikaruhusu kiteremshwe vidole viwili. Nilikuwa nasema, "Jicho, jamani, maji," na hakuna aliyenijali. Walisalimia kwa zamu, mdomo kwenye ule upenyo, na kila mmoja alianza kwa kujitaja ni nani. Mama aliwajibu wote, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyeharakishwa, pamoja na mvua ile.

Kisha kioo kikapanda, wakaenda nyuma, wakasukuma. Gari lilitetemeka, likashika mawe, likaondoka, na nisingeweza kusimama tena kuwashukuru wala kugeuza shingo. Nilikaza usukani, nikatazama tope na maji mbele yangu.

"Yule aliyesukuma upande wa kulia akicheka," mama alisema, "ni baba yako mdogo. Wa kati ni mwalimu, nimemsikia anahesabu moja, mbili, tatu. Na huyo anayetukimbilia nyuma mpaka sasa, sikiliza, ni mwenzangu wa kahawa. Wewe usigeuke."